Matone Matatu ya Mafuta

3 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefika salama, ingawa basi liliharibika mara mbili, na mara zote mbili dereva alituapia kwamba halijawahi kuharibika. Mwambie mama mdogo chakula alichonifungia kilitosha abiria watatu, na abiria watatu ndio waliokila. Goti lake linaendeleaje? Daktari alisema apumzike, na mimi namjua, atapumzika akiwa anafagia.

Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamsikilizani. Juzi nilikuuliza habari za goti ukanijibu kwamba mlango umekwisha pakwa rangi. Masikio yako yamekaa na cherehani mno, siyalaumu.

Sasa lililonikalisha hapa mezani. Ile kamera niliyokuja nayo likizo, uliyoisogezea taa yako ya kazi ukaigeuza huku na huku na kusema walioitengeneza walikuwa na subira, imeharibika. Kamera yenyewe nzima, iliyoharibika ni lenzi, ile fupi nene ya kupigia vitu kwa karibu. Nilipoitoa kwenye mkoba kazini Jumatatu nilikuta ndani ya kioo utando wa rangi rangi kama dimbwi la nje ya gereji. Vile vipande vyembamba vya chuma vilivyomo ndani, vinavyofumba na kufumbua kama kope ili kupima mwanga, vimegandana. Picha zinatoka nyeupe tupu. Na ile pete ya nje ya kuzungushia, iliyokuwa na ukwaruzo kidogo, sasa inateleza laini ajabu.

Ni mafuta, baba mdogo.

Asubuhi ile ya Alhamisi nilipompeleka mama mdogo hospitali, kamera niliiacha juu ya meza yako ya kazi. Je, kuna mtu aliyeishika? Nauliza ili nijue pa kuanzia.

Jambo lenyewe si dogo. Hapa ofisi ya nyaraka tumeazimwa daftari za hospitali moja kongwe, zenye kumbukumbu za watoto waliozaliwa miaka themanini iliyopita. Wino umeanza kula karatasi. Kila ukurasa lazima upigwe picha kabla daftari hazijarudishwa mwisho wa Aprili, na hiyo ndiyo kazi niliyochukuliwa kwa majaribio. Ikisimama, na mimi nimesimama. Kwa sasa nasafisha kurasa na kuzipanga, kama mtu anayenoa kisu ambacho hana. Mkuu wangu hajajua. Usiniulize kwa nini.

Binti yako.


14 Machi

Wakili wangu wa maswali, marahaba sana.

Tumeipokea barua yako na sote tu wazima. Goti la mama yako mdogo limepungua uvimbe lakini limeongeza amri. Sasa anaendesha nyumba nzima akiwa kwenye kiti, na mimi ndiye mguu wake. Jirani yetu Mzee Pasi ameunguza suruali ya bwana harusi, alama ya pasi iko pale pale mtu anapokalia, na anamweleza kila anayepita kwamba kitambaa kilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Mimi macho yangu ni yale yale. Uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, lakini mara ya nne hunikuta bado nimekaa.

Juzi ililetwa hapa cherehani ya mguu ambayo mwenyewe aliifungia stoo miaka tisa. Ilikuwa na kutu hadi kwenye jina. Nimeifungua Jumanne na jana imeshona shuka.

Kuhusu meza yangu, unaijua. Inapitiwa na watu. Mzee Pasi huweka kikombe chake, wateja huweka viwiko, na paka wa jirani hana adabu. Siwezi kusema.

Usiharakishe. Kamera ni yako, haina bosi. Iweke kwanza mahali pa baridi, isikae karibu na dirisha lenye jua. Alhamisi ile kulinyesha mvua kubwa, sijui kama unakumbuka. Ilituingilia mpaka kizingitini.

Mama mdogo anakusalimu na anauliza kama unakula.

Ni mimi baba yako mdogo.


22 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Mwambie mama mdogo ninakula. Mwambie pia mto wa kuwekea mguu niliomwachia ni wa kuwekea mguu, nimesikia anaukalia.

Mvua naikumbuka. Sikuuliza habari za mvua.

Nimezunguka mji huu kwa mafundi wa kamera na wako wawili. Wa kwanza amesema lenzi za aina hii hurudishwa kiwandani, na kiwandani hukaa miezi minne. Wa pili alishika bisibisi kwa namna ambayo wewe ungemtoa dukani kwako kwa ukosi wa shati. Nikaichukua lenzi yangu mikononi mwake nikaondoka.

Kwa hiyo nimeamua. Naifungua mwenyewe. Usiniambie haiwezekani, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea kwenye hiyo meza baada ya baba kufariki, na nilijua kutenganisha bobini na kibebeo chake kabla sijajua kusoma. Umefungua cherehani nyingi kuliko nywele ulizobakiwa nazo. Nifundishe kwa barua. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, nami nitafuata neno kwa neno.

Na lile swali langu bado liko pale pale. Sikasiriki, baba mdogo. Nataka tu kulisikia jibu.

Binti yako.


2 Aprili

Wakili, marahaba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mama yako mdogo anasema nilikuwa nanung'unika, lakini kwa umri wangu ni kitu kimoja. Yeye hajambo, na ule mto ameuhamishia mgongoni. Ukija ugombane naye mwenyewe.

Haya, sikiliza.

Kwanza, tandika kitambaa cheupe, kipana, kilichopigwa pasi. Skrubu ikianguka juu ya kitambaa hunyamaza hapo hapo, juu ya mbao hukimbia. Chukua karatasi uchore umbo la lenzi, na kila skrubu utakayoitoa ichomeke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Usiseme zote ni sawa. Hakuna skrubu mbili zilizo sawa, ziko zinazofanana tu.

Pili, na hili ndilo lililonilisha miaka yote hii: kabla hujalegeza kitu chochote kinachozunguka, kwaruza alama. Mkwaruzo mdogo wa sindano unaopita juu ya vipande vyote viwili, ili siku ya kuvirudisha mkwaruzo ukutane na mwenzake. Mafundi wengi hutegemea kukumbuka. Nyumba zao zimejaa mashine za watu.

Tatu, bisibisi iijaze skrubu. Ikicheza ndani yake hata kidogo, tafuta nyingine. Kandamiza kwanza, zungusha baadaye. Ikikataa, usilazimishe. Weka chini, osha mikono, uirudie ukiwa umetulia. Kitu kinachovunjika mkononi mwa fundi huvunjwa na hasira.

Nne, vile vipande kama kope usivifute kwa nguvu, vitapinda. Vioshe kimoja kimoja kwa spiriti safi ya duka la dawa, uviache vikauke vyenyewe, na usiviguse tena kwa kidole. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, hutambaa kufuata joto. Ukiacha hata kidogo pembeni, baada ya wiki moja yatakuwa yamerudi katikati.

Swali lako nimelisoma. Mama mdogo ananiita.

Baba yako mdogo.


9 Aprili

Baba mdogo, shikamoo, na mama mdogo pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaona umeandika mafuta ya cherehani. Mimi niliandika mafuta tu. Naliacha hapo.

Naliacha kwa sababu na mimi nina langu, na siwezi kukudai ukweli huku nimeukalia wangu. Ile kamera si yangu. Ni ya ofisi. Ukutani mwa stoo yetu kuna kanuni zimebandikwa, na ya tatu inasema hakuna kifaa kutoka nje ya jengo. Mimi niliitoa, chini ya koti. Ulikuwa umeniandikia mwezi wa kwanza kwamba macho yamekushinda na duka utalifunga katikati ya mwaka, nikataka picha za meza yako na vifaa vyako kabla vitu havijatawanyika. Ulipoishika ukaniuliza, "Hii ni yako mwanangu?" nilikujibu ndiyo, kwa sababu ulikuwa umefurahi hadi ukamwita Mzee Pasi aje kuona mtoto wako alikofika. Nilishindwa kukurudisha chini. Nimeona aibu tangu siku hiyo.

Jana nilikwenda kwa mkuu nikamwambia yote. Ni mama mmoja mwembamba, miwani yake ina kamba, hajawahi kupaza sauti na hahitaji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alitia mafuta?"

"Niliyeitoa ni mimi. Yaliyofuata yote ni yangu."

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo jibu nililo nalo, mama."

Alivua miwani akanitazama bila miwani, na hiyo ni mbaya zaidi. Akasema lenzi nyingine haiwezi kupatikana kabla daftari hazijaondoka, kwa hiyo hana la kupoteza nikiifungua. Mimi ninalo. Isipofanya kazi ifikapo tarehe ishirini, nisirudi kuzungumza naye habari za mkataba.

Nimekwisha kuifungua nusu. Skrubu sita za nyuma zimetoka na ziko kwenye mchoro, alama nimekwaruza. Sasa nimefikia pete ya ndani. Haina skrubu, ina matundu mawili tu yanayotazamana, na inataka kitu cha kuingia yote mawili kwa pamoja. Kati ya tundu na tundu ni milimita thelathini na moja. Nilijaribu kwa koleo ndogo ikateleza ikakwaruza chuma. Kioo hakikuguswa. Nikaweka chini, nikaosha mikono, kama ulivyosema. Mji mzima sijaona kifaa cha kuifungulia.

Sijui nitafanyaje, lakini siachi.

Binti yako.


15 Aprili

Wakili,

Leo nimeruka salamu, mama mdogo atakupa zake mwenyewe. Barua hii na kifurushi nampa dereva wa basi la asubuhi ili uvipate kesho.

Ni mimi.

Mlipoondoka kwenda hospitali nilikaa peke yangu na ile kamera. Niliishika tu niione. Nikazungusha pete, ikakwaruza. Wewe umekulia hapa, unanijua. Miaka arobaini na moja, chuma kikilia mbele yangu nakipa mafuta, sijui kufanya vingine. Mkono ulishika kopo kabla kichwa hakijaulizwa. Nilitia matone matatu. Mawili niliyatia penye pete vizuri kabisa. La tatu mkono ulitetemeka, likaenda mbele likadondokea ukingo wa kioo, nikalifuta kwa upindo wa shati. Nikazungusha tena. Kimya, laini. Nilifurahi sana. Nilisema ngoja arudi, nimemtengenezea zawadi. Mkarudi mmechoka, mama mdogo analia goti, ukaifungia kwenye mkoba. Nikasema nitamwacha aone mwenyewe.

Barua yako ya kwanza nilianza kuisoma nikiwa nimesimama.

Hasira yako sikuiogopa, hasira yako naijua tangu una miaka minne. Niliogopa kwamba hutaniletea kitu tena. Kwamba ukija utaweka vitu vyako juu ya kabati, kama watu wanavyofanya penye mtoto mdogo au mzee aliyechanganyikiwa. Ndiyo maana nikakuandikia habari za mvua.

Na wewe ukaenda ukabeba kosa langu mbele ya mkuu wako. Hilo halikunipa usingizi. Kuhusu kunidanganya kwamba kamera ni yako, tutazungumza ukija, na nitakuwa mkali, lakini kwa sasa sina mahali pa kusimamia.

Ndani ya kifurushi kuna vitu viwili. Kimoja ni barua kwa mkuu wako. Nimeeleza yote na nimeweka sahihi. Mpe. Cha pili ni ufunguo wa meno mawili. Nimeutengeneza kwa miguu ya ule mkasi wangu mrefu wa kukatia suti, sina suti ya kukata tena. Nimeuchonga siku tatu. Meno yako kwenye milimita thelathini na moja, na ukilegeza skrubu ya katikati utapata nafasi ya kuongeza au kupunguza. Kwa kuwa macho yangu siyaamini, mama mdogo alipitisha kidole kwenye meno kila baada ya msasa, akaniambia wapi pamezidi. Aliniambia na mengine, hayahusu ufunguo.

Kandamiza kwanza. Zungusha baadaye.

Baba yako.


30 Aprili

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo, shikamoo, na asante kwa kidole chako. Najua barua hii atakusomea wewe kwanza.

Ufunguo uliingia.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi mchana kwenye chumba cha wajalidi, wanaoshona majalada ya vitabu, penye meza pana na dirisha kubwa. Mkuu alikuja akakaa mbele yangu mikono ameikunja. Nilikandamiza, nikahesabu hadi tano, nikazungusha. Pete ililia kidogo ndipo ikaachia. Mkuu akashtuka. Mimi nikakukumbuka wewe nikacheka peke yangu, akanitazama kama mtu aliyeongezewa shaka.

Vipande ni tisa, vyembamba kuliko ukucha. Nilivilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, nikavipitisha kwenye spiriti kimoja kimoja, nikapanguza ndani yote hadi kijiti cha pamba kikawa kinatoka cheupe kama kilivyoingia. Nikarudisha. Ikakataa kufumba. Kipande kimoja nilikuwa nimekilaza kichwa chini. Saa mbili za kazi, baba mdogo, na mkuu ameketi pale pale. Nikaweka chini, nikaenda kuosha mikono. Nilipokuwa bombani nililia kidogo, nakuambia kwa kuwa wewe ndiye utakayejua ni kilio cha aina gani. Kisha nikarudi nikafungua yote upya tangu mwanzo. Mara ya pili alama zikakutana.

Picha ya kwanza nilipiga ukurasa wa daftari. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, saa nne asubuhi, mama na mtoto hawajambo. Kila mkwaruzo wa kalamu ya yule mkunga unaonekana. Mkuu aliinama akausoma, akavaa miwani vizuri, akasema, "Endelea." Jana nimepiga ukurasa wa mwisho.

Mkataba nimepata. Ila kwa mwaka mzima sishiki ufunguo wa stoo. Kila asubuhi nitasimama mlangoni nikabidhiwe kamera kwa sahihi, na jioni nisimame tena niirudishe, mbele ya wenzangu. Nimekubali. Nilistahili zaidi ya hapo.

Barua yako kwa mkuu sikumpa. Ninayo mwenyewe na sikurudishii.

Sasa nikuambie la mwisho ambalo sikukuambia. Asubuhi ile niliiacha kamera bila kuizima. Mkono wako ulipotetemeka, kidole kilibonyeza. Nilipofungua kadi ya kumbukumbu Jumatatu ile ya kwanza, kabla sijakuandikia hata mstari mmoja, nilikuta baada ya picha zangu kuna picha ambayo sikuipiga mimi. Nilijua tangu siku ile. Mkuu aliponiuliza nani, kadi hiyo ilikuwa mfukoni mwangu.

Utasema mbona nilikuuliza. Nilitaka uniambie wewe. Ningekuonyesha picha ungekuwa mtu aliyekamatwa, na mimi sikutaka kukukamata.

Nimeisafisha, nakuletea pamoja na barua hii. Niliyokuja kupiga likizo ni picha arobaini na tatu, za meza, za vifaa, zako umekaa wima kama uko kituo cha polisi. Hakuna hata moja inayoifikia hii. Lenzi ile hutaka kitu kiwe karibu sana ndipo ikione, na wewe kwa macho yako uliinama hadi pale pale inapopenda. Uso wako umejaa wote. Jicho moja umelifinya, ncha ya ulimi imetoka kama mtoto anayejifunza kuandika, na mbele kabisa ni mdomo wa kopo la mafuta, na tone la tatu limening'inia, halijaanguka.

Ndivyo ninavyokukumbuka tangu nikiwa na miaka minne. Sikuwahi kuipata mpaka ulipoipiga.

Binti yako.


11 Mei

Wakili wangu, marahaba.

Mama yako mdogo alicheka hadi akasimama bila fimbo, kisha akakumbuka goti akakaa. Picha ameitazama siku nzima na ametoa hukumu kwamba ule ulimi nimekuwa nao tangu tuchumbiane na hakutaka kuniambia.

Kulifunga duka nimeamua kukusogeza mbele kidogo. Sitapokea cherehani mpya, nitamaliza zilizopo, na zilizopo ni nyingi. Kwenye meza nimetenga kona moja na kuipiga mstari wa chaki. Ukija, vitu vyako viweke hapo. Chochote kikilia kitalia hadi urudi nikuulize kwanza.

Picha nimeitia fremu nimeitundika juu ya mashine, penye mwanga. Mzee Pasi amesema mpigaji ana jicho, na wateja kila siku wananiuliza ni kazi ya nani. Kwa mwaka huu nimechoka kudanganya, kwa hiyo nawaambia ukweli. Nimeipiga mimi.

Baba yako mdogo.